Chuo Kilichojengwa kwa Kuku na Mahindi

Nilipokuwa msichana, mtu wa Kakamega alijulikana kanisa lake kabla hajafungua kinywa. Ilitosha kusikia kwao ni wapi. Mtu wa Butere alikuwa Mwanglikana. Wa Mukumu au Mumias alikuwa Mkatoliki, wa Kima alikuwa Church of God, na wa Nyang'ori alikuwa Mpentekoste. Sisi wa upande wa Lirhanda na Kaimosi tulikuwa Marafiki, ndio hao ambao wengine huwaita Wakweka. Wamishonari walikuwa wamegawana nchi kama ndugu wanavyogawana shamba la baba yao, na mipaka ile ilidumu hata baada ya wao kurudi kwao.

Kaimosi ilianza 1902, walipofika Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Mapadri wa Mill Hill wakafungua Mumias na Mukumu miaka michache baadaye, na Waanglikana wa CMS wakaingia Butere 1912. Kila misheni ilijenga kanisa, shule na zahanati, na iliyodumu ikaongeza chuo. Marafiki walikuwa na chuo cha ualimu na chuo cha Biblia pale Kaimosi. Wakatoliki walikuwa na chuo cha ualimu Eregi. Kima kulikuwa na chuo cha wachungaji. Mtoto aliweza kuanza darasa la kwanza na kutoka na cheti cha ualimu bila kukaa dawati moja na mtu wa kanisa lingine. Serikali ilizichukua shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya 1968 na kuyaacha makanisa na cheo cha mfadhili, lakini sheria hubadilika haraka kuliko watu. Sisi tuliendelea kusema shule yetu na shule yao.

Ninaanza na habari hizi za zamani kwa sababu vijana wanaoniuliza siku hizi juu ya imani na vyuo vikuu wana picha moja tu kichwani: kanisa dogo kando ya maktaba, kasisi wa chuo, na kikundi cha kwaya. Mimi nilichokiona Kakamega ni kingine. Chuo kimoja hapa ambacho hakikuwa cha misheni yoyote kilijengwa na watu hawa hawa waliogawanyika, na sehemu kubwa ya mchango wao ilitoka madhabahuni.

Mwaka 1972 ndipo kilipoanzishwa Western College of Arts and Applied Sciences, ambacho watu wote walikiita WECO. Kilikuwa cha harambee. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na chuo kikuu kimoja, cha Nairobi, kilichopata hadhi hiyo 1970, na vijana waliomaliza kidato cha nne walikuwa wamejaa nyumbani bila kazi wala masomo. Kila upande wa Kenya ulitaka chuo chake cha ufundi. Nyeri walichangia Kimathi, Murang'a wakachangia chao, Wajaluo wakachangia Ramogi. Sisi Waluhya tukachangia WECO.

Nakumbuka vizuri michango hiyo ilivyoletwa kwetu. Karani wa chifu alikuja Jumapili na kitabu cha risiti, kwa maana Jumapili ndipo watu wanapopatikana. Mahubiri yalipokwisha, mzee wa kanisa alisimama akasema kwamba leo kuna sadaka ya pili. Vitu vililetwa mbele: debe la mahindi, mkungu wa ndizi, mayai ndani ya kikapu cha majani makavu, kuku waliofungwa miguu. Mzee aliinua mikono akaviombea vyote kwa pamoja, fedha na mifugo, kisha mnada ukaanza nje chini ya mti. Mama yangu alitoa kuku wa kutaga. Hakuwa na kuku wengi, na yule ndiye aliyekuwa akitununulia sabuni na mafuta ya taa. Karani alimwandikia risiti kwa Kiingereza. Mama hakujua Kiingereza, basi baba akamsomea, naye akaikunja akaiweka ndani ya Biblia yake.

Wakati huo hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyekuwa amefika sekondari. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mimi bado nilikuwa mwanafunzi wake. Mama alitoa kuku kwa ajili ya watoto wa watu wengine, wengi wao wa makanisa ambayo hakuwahi kuingia. Labda kwake hilo lilikuwa jepesi kidogo kuliko kwa majirani, kwa kuwa yeye alizaliwa Mukumu katika nyumba ya Kikatoliki na akawa Rafiki kwa kuolewa. Hata hivyo najua haikuwa nyumba yetu tu. Mukumu nako walitoa, Butere walitoa. Sijawahi kuona tena watu wa Kakamega wakitoa sadaka kwa kitu kimoja namna ile.

Niliingia WECO mwaka 1981 kusomea uhasibu. Chuo kiko Sichirai, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na siku hizo ukitoka langoni ulikutana na mahindi ya wenyeji pande zote. Kwa mara ya kwanza maishani nililala chumba kimoja na msichana Mkatoliki, Mpentekoste kutoka Nyang'ori, na binti wa Jeshi la Wokovu. Tulishangaana sana. Mkatoliki alishangaa kwamba mimi sina jina la ubatizo. Mimi nilishangaa kwamba Mpentekoste aliweza kuomba kwa sauti ya juu usiku wa manane na asubuhi akaamka wa kwanza.

Chuo nilichokijua mimi hakikuwa na kanisa lake. Tulikusanyika tulipopata nafasi. Wakatoliki walikwenda misa mjini. Wasabato walitafuta darasa Jumamosi. Sisi wengine tulikutana Ijumaa jioni katika chumba cha masomo ya biashara, tukajiita Christian Union, CU kwa kifupi. Mara nyingi hatukufuta ubao. Tuliimba na kuomba mbele ya hesabu za mali na madeni zilizoachwa na mwalimu wa mchana, na mimi niliyependa hesabu niliona kwamba ziko mahali pake.

Mwaka wa pili walinipendekeza niwe mweka hazina wa CU. Ndipo lilipozuka jambo ambalo lilituchukua majuma. Ndugu mmoja alisimama akauliza kama nimebatizwa. Nikasema kweli: Marafiki hatubatizi kwa maji. Hatuna meza ya Bwana ya mkate na divai pia. Tunafundishwa kwamba ubatizo ni wa Roho, na kwamba chakula chochote kinaweza kuliwa kwa kumkumbuka Bwana. Chumba kilikuwa kimya, kisha kikalipuka. Walikuwapo waliosema kwa upole, na machozi machoni, kwamba wananipenda lakini hawawezi kumweka mtu asiyebatizwa ashike fedha za Mungu. Ninaamini walimaanisha. Hawakuwa na chuki. Walikuwa wamelelewa kila mmoja ndani ya boma lake, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba upande wa pili wa mto kuna watu wanaomwamini Yesu kwa namna nyingine.

Mjadala ule ulikuwa elimu ya juu ya kweli kuliko nyingi nilizopata darasani. Tulilazimika kwenda kuuliza. Mwanglikana alirudi nyumbani akamuuliza mchungaji wake kwa nini wanabatiza watoto wachanga. Mpentekoste aliuliza kwa nini wao hawabatizi watoto wachanga. Mimi nilikwenda Kaimosi kwa mzee mmoja aliyesoma chuo cha Biblia, nikamuuliza kwa nini sisi hatubatizi kabisa, naye akanieleza habari za George Fox na Waingereza wa karne ya 17 waliofungwa jela kwa kukataa kula kiapo, kwa kuwa waliamini neno la mtu linapaswa kutosha bila kiapo. Nilikuwa nimekua ndani ya kanisa hilo bila kujua kisa hicho. Niliporudi nilikisimulia mbele ya wote. Yule yule Mpentekoste wa chumbani mwetu ndiye aliyesimama akasema kwamba kama watu wangu wamekubali kufungwa kwa ajili ya ndiyo na hapana, basi leja ya CU iko salama mikononi mwao. Nikachaguliwa.

Tulikuwa na mlezi, mwalimu wa makamo, Mwanglikana. Hakupiga kura wala kutuelekeza. Alikaa nyuma, akasikiliza, na siku ilipokwisha alituombea. Nilimheshimu kwa hilo.

Muhula uliofuata alikuja mhubiri kutoka nje. Sitamtaja. Alikuwa na sauti ya kuvuta na alikesha nasi usiku mzima akifundisha juu ya kurudi kwa Bwana. Miaka ile uamsho ulikuwa umeshika vijana wengi Kenya, na kulikuwa na mema mengi ndani yake. Nimewaona walevi wakiacha, na walioibiana wakirudishiana. Lakini mhubiri huyu aliongeza jambo. Alisema elimu ya dunia ni ya kupita, na kwamba anayehangaikia cheti wakati roho zinapotea atajibu siku ya mwisho. Alipoondoka, wanafunzi kadhaa waliacha kuingia darasani. Walishinda vyumbani wakifunga na kuomba. Mitihani ilikuwa karibu.

Mmoja wao alikuwa msichana wa kijijini kwetu, yatima wa baba, mwenye akili nyepesi ya hesabu kuliko mimi. Nilimsihi, akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Tulikwenda kwa mlezi wetu tukamtaka apige marufuku makesha. Alikataa, na akatueleza sababu. Alikuwa na jamaa aliyesoma theolojia Uganda, kwa hiyo alijua yaliyotokea Mukono, katika chuo cha Bishop Tucker, mwaka 1941. Wanafunzi waliookoka katika uamsho wa Balokole walikuwa wakiamka alfajiri kabla ya kengele, wakiomba na kuhubiriana, na kuwakemea wenzao na hata walimu wao kwa dhambi na kwa mafundisho waliyoyaona mapotovu. Uongozi wa chuo ukapiga marufuku. Wao wakakataa kutii. Wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwamo William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi akiwa mlei. Uamsho haukuzimika, ulienea Afrika Mashariki yote. Chuo kilipoteza vijana wake wenye moto kuliko wote, na vijana wale walipoteza masomo ambayo yangewafaa. Mlezi alisema hataki kurudia hayo Kakamega. Alisema mtu aliyeacha masomo kwa ajili ya Mungu hawezi kurudishwa na kanuni ya chuo. Atarudishwa na mtu anayemwamini kwamba anamjua Mungu.

Jumamosi hiyo nilipanda matatu ya Shinyalu nikaenda nyumbani kumweleza mama. Hakusema neno. Jumatatu alinifuata chuoni kwa gari la asubuhi, amevaa kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama wa Marafiki, ameshika Biblia. Nikampeleka bweni la wasichana. Yule binti alikuwa amelala, amedhoofika kwa kufunga. Aliamka akamwamkia kwa adabu, akimwita senje, maana kijijini walimhesabu mama kuwa shangazi yake.

Mama aliketi kitandani akatoa risiti. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Akamwambia amsomee, kwa kuwa yeye hajui Kiingereza. Binti akasoma jina la chuo, kiasi cha fedha, na sahihi ya karani. Mama akasema, "Mwana wanje, hii ni sadaka. Ilitolewa kanisani, na mzee aliinua mikono juu yake. Babako alikuwa hai, naye alitoa debe la mahindi siku ile ile. Nani amekuambia imekuwa kitu cha dunia?"

Binti alilia. Akauliza, "Na Bwana akirudi kesho, senje?"

"Akukute darasani. Mimi atanikuta shambani."

Mama alikaa naye mpaka akanywa uji. Hakumkemea, hakubishana naye maandiko, wala hakumsema vibaya yule mhubiri. Aliondoka na gari la jioni.

Sitaki kuifanya hadithi hii kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Binti alirudi darasani, lakini alianguka somo moja na ikabidi alirudie. Kijana mmoja kati ya wale walioacha hakurudi kabisa. Leo ni mchungaji, na wanaomfahamu wanasema anawatunza watu wake vizuri. Mwingine alirudi masomoni na akaacha imani kabisa. Ila tangu siku ile mimi nilijua kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenifundisha. Kwa mama, darasa lile la uhasibu lilikuwa limeombewa. Alilihesabu kuwa kazi ya Mungu kwa sababu alikuwa amemtolea Mungu kitu ili liwepo, na yeyote aliyesema kusoma ni kupoteza wakati alikuwa anadharau sadaka ya maskini. Nimesoma mengi tangu hapo juu ya imani na akili, na mengine ni ya watu wakubwa. Sijaona hoja iliyonishika kuliko hiyo.

Upande wa pili nao ulikuwapo. Tulikuwa na mwalimu kijana aliyesema waziwazi kwamba dini ni mzigo tuliobebeshwa na wazungu, na kwamba mtu aliyesoma anapaswa kuutua. Wanafunzi wengi wa CU walimkwepa. Mimi nilimwendea, kwa kuwa nilihisi maumivu nyuma ya maneno yake. Baadaye alinieleza jinsi alivyochapwa shuleni kwa kuzungumza lugha ya mama yake. Aliniazima kitabu cha John Mbiti juu ya dini za Kiafrika na falsafa, kilichotoka 1969, na historia ya Abaluyia ya Gideon Were ya 1967. Alitaka nione kwamba tulikuwa na Mungu kabla ya Kaimosi. Nilisoma usiku kucha. Kukhu, mama yake baba, alikuwa akitoka nje jua likichomoza, akitazama mashariki, akimwamkia Nyasaye na kumwomba baraka za watoto na ng'ombe. Mkutano wetu wa Marafiki ulimwita mpagani mpaka alipopewa jina la Kikristo uzeeni. Sasa nilikuwa na kitabu cha mchungaji Mwafrika aliyesomea Cambridge kinachosema maombi yale yalikuwa maombi. Mwalimu yule alitarajia kitabu kiniondoe kanisani. Kilinirudisha kwa kukhu, na kanisani nikabaki.

Nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Tulibaki marafiki mpaka alipofariki.

Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Redio ilipiga muziki wa kijeshi, kisha sauti ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa, na kufikia jioni ikatangazwa kwamba haijapinduliwa. Kaka yangu alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo kilifungwa, na kikabaki kimefungwa zaidi ya mwaka mmoja. Wanafunzi walirudishwa vijijini na kuamriwa kuripoti kwa machifu wao. Kaka alitembea kwa chifu kutia sahihi kama mhalifu, na majirani walimpita njiani wakiangalia kando, kwa kuwa waliogopa.

Kanisa letu dogo lilifanya jambo ambalo hadi leo linanitia nguvu. Mzee wa mkutano alimwomba kaka awafundishe watu wazima kusoma, Jumapili baada ya ibada, hadharani, ili kila mtu aone kwamba bado ni mtoto wetu. Kaka hakuwa mtu wa kanisa sana. Alikubali. Alifundisha akina mama kusoma Biblia ya Kiluhya, nao walimlipa mayai. Katika miezi ile alinipa kitabu cha Askofu Henry Okullu juu ya kanisa na siasa Afrika Mashariki, kilichochapishwa 1974, nikakipeleka chuoni, kikapita mkono kwa mkono katika CU mpaka jalada likatoka. Kabla ya hapo tuliomba kwa ajili ya mitihani yetu, afya zetu na wokovu wa wazazi wetu. Baada ya hapo tulianza kuomba, kwa sauti ya chini, kwa ajili ya waliofungwa.

Na tulianza kuangalia waliokuwa karibu. Kila muhula wanafunzi walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na baadhi hawakurudi tena. Mwaka 1983 nilileta leja mbele ya mkutano nikaonyesha kwamba fedha zetu nyingi zilikuwa zinakwenda kwa nauli za wahubiri wageni. Nikapendekeza kwamba theluthi ya kila sadaka iwe ya karo. Tulijadiliana, tukakubaliana, na katika kumbukumbu za mkutano huo hatukuandika kanisa la mtu yeyote. Baada ya vita vile vya ubatizo hakuna aliyetaka kuanza tena. Tuliandika tu kwamba apewe mwanafunzi mwenye shida zaidi. Yule binti aliyewahi kufunga bila kula ndiye aliyenisaidia kukokotoa.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Nilifanya kazi katika hospitali za misheni, nikiweka vitabu. Makanisa ya Kenya yakaanza kujenga vyuo vikuu vyao wenyewe: Baraton ya Wasabato ilipata hati yake 1991, Chuo Kikuu cha Kikatoliki 1992, Daystar 1994. Marafiki, ambao ni wengi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hawakujenga. Nimewasikia wazee wakilisema hilo kwa aibu. Mimi sioni aibu. Watu wetu walikuwa wamekwisha kutoa, pamoja na Wakatoliki na Waanglikana, kwa chuo ambacho hakikuandikwa jina la yeyote kati yao.

Chuo kile kilikua. Mwaka 2002 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa wetu aliyesomea Cape Town na kufariki ghafla 1992. Leo kina shule za uuguzi, uhandisi, na kukabiliana na maafa. Mahindi ya langoni yamegeuka hosteli za ghorofa. Nilipokwenda kumtazama mpwa wangu akihitimu nilimwona mzee mmoja wa Butere akitembea taratibu kando ya majengo ya zamani, akiyagusa kuta, na nilijua bila kuuliza anatafuta nini.

Kaimosi nako, mwaka 2022, kilipata hati chuo kikuu cha umma ambacho kimebeba jina la Friends, yaani Marafiki. Nimefurahi kwa moyo wote, na nina hofu. Nimeishi muda mrefu vya kutosha kuona makanisa yakipigania shule na vyuo kwa ajili ya vyeo: nani awe mkuu, nani apate zabuni ya chakula, mtoto wa dhehebu gani aajiriwe kwanza. Kanisa linalopigana hivyo limesahau jinsi vyuo hivi vilivyopatikana. Kama jina letu litabaki pale, nataka lidaiwe mambo magumu. Kwamba mitihani haiuzwi. Kwamba msichana hatakiwi kimwili na mwalimu ili apate alama. Kwamba hesabu za karo zinaweza kufunguliwa mbele ya mzazi yeyote anayeuliza. Watu walifungwa jela karne ya 17 wakilinda ndiyo na hapana; sisi tunaweza kulinda hati za matokeo.

Ile theluthi ya karo haikufa. Tuliomaliza miaka ile tuliendelea kuchanga baada ya kuajiriwa, kwanza kwa barua na hawala ya posta, siku hizi kwa M-Pesa, na mimi bado ndiye mweka hazina. Wengine wametangulia mbele za haki, na watoto wao wamechukua nafasi zao. Kila mwaka tunamlipia mwanafunzi mmoja pale Sichirai.

Mwaka huu jina lililoletwa ni la binti wa Mumias, mwanafunzi wa uuguzi, Mwislamu. Mumias ina Waislamu pia, tangu enzi za mtawala wake Nabongo Mumia, wakati misafara ya pwani ilipopitia kwake, kwa hiyo halikuwa jambo la kushangaza. Hata hivyo kwenye kikundi chetu cha simu wawili waliuliza kama ni halali fedha zilizoanza kama sadaka ya CU kumlipia mtu asiye Mkristo. Waliuliza kwa nia njema, nami sikuwapuuza. Nilipiga picha ukurasa wa leja ya 1983 nikautuma. Yule binti wa kijijini kwetu, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa wa kwanza kujibu. Aliandika kwamba analeta nusu ya karo yeye mwenyewe. Hiyo nusu nyingine ilipatikana kabla ya saa ya chakula cha jioni, na yule aliyeuliza kwanza ndiye aliyetoa kiasi kikubwa.

Binti ameripoti chuoni wiki iliyopita. Nimempigia simu kumpa namba ya risiti yake.